Jinsi Yotham Alivyotwaa Ukuu wa Walimu Bila Kusihiwa

Sogeeni, enyi wana wa nchi kavu, mnaochimba maji mchangani na kuyaita matamu! Aliye na mbuzi amfunge, aliye na chungu mekoni akiepue, maana habari inayokuja ni nzito na haitaki mtu anayechungulia jikoni. Haiimbi vita vya mikuki wala vya bunduki. Inaimba vita vilivyopigwa asubuhi moja huko Kikuyu ya Ugogo, zama za Mdachi, mwaka ule reli ilipofika Dodoma na kila aliyeuona moshi wake akajiona ameendelea: vita vya kumpata mkuu wa walimu, katika chuo kilichokuwa na walimu wawili.

Chuo chenyewe kilikuwa tembe ndefu yenye paa la udongo, na Bwana Shauri, mtawala wa boma, alikitukuza kwa kukiita chuo cha elimu zote. Mle vijana walifunzwa kusoma, kuandika, hesabu, ramani za nchi ambazo hakuna aliyekuwa na safari ya kwenda, na kuzisifu enzi za Kaizari kwa sauti nne, ingawa kwa ukame wa makoo ya pale zilitoka sauti moja, nayo mbovu. Mkuu wa kwanza, mtu wa Tanga, alivumilia vumbi hata siku aliyosikia firimbi ya gari la moshi. Akaaga kwamba anakwenda kununua chaki, na chaki hiyo inangojwa mpaka sasa. Nyuma yake alikiacha kiti cha mninga chenye mikono miwili, cha pekee katika chuo kizima.

Ndipo anapoingia shujaa wetu, Yotham, simba wa kanuni, mwana wa misheni, avaaye kanzu iliyopigwa pasi hata siku ya kupura mtama. Alikitaka kile kiti. Alikitaka kwa moyo wake wote, akikipita alikifuta vumbi kwa ncha ya kanzu, na nyumbani alikiota mpaka mkewe Zipora akalalamika kwamba analala na mtu asiyejulikana ni mume au seremala. Lakini hakumwambia mtu, maana alikuwa mwenye adabu, na desturi ya pale ilikuwa kali.

Mtu hakupokea ukubwa kama anayepokea tonge. Aliukataa mara ya kwanza kwa kusema hafai. Aliukataa mara ya pili kwa kusema wapo wanaomzidi. Mara ya tatu aliinuka aende zake, na hapo wazee walimkamata mikono wakamkalisha kwa nguvu, naye akilalamika kwa sauti watu wote wasikie. Aliyekubali bila kusihiwa aliitwa mlafi, na mlafi hatiiwi hata na mbwa wake.

Basi Yotham alijifunza kukataa. Jioni kwa jioni alisimama mbele ya Zipora, akainamisha kichwa, akanena kwa huzuni tukufu kwamba yeye si kitu.

"Baba Loisi," akasema Zipora, "unakataa vizuri. Ila usiende mbali sana ukiinuka, mzee Chilongani ana magoti mabovu, hatakufikia."

Mzee Chilongani, ulimi wa wazee wote, naye alikuwa tayari na hotuba ya kusihi, ndefu, yenye kutaja mababu. Wake wa wazee walikuwa wamepika pombe ya mtama.

Hata siku ikawadia. Bwana Shauri akatokea juu ya nyumbu wake, askari mbele na askari nyuma, uso mwekundu kwa jua na kwa haraka. Mtu huyu hakuwa na tabia ya kuuliza jambo mara mbili. Waliosubiri swali la pili walilipata mgongoni, viboko hamsa ishirini. Kiti kikawekwa uwanjani. Wazee wakakaa kulia, wanawake kushoto, wanafunzi nyuma.

"Yotham! Wewe utakuwa mkuu wa walimu. Unakubali?"

Yotham akasonga mbele, akainamisha kichwa, na uwanja wote ukanyamaza ili umsikie anavyojishusha.

"Ewe Bwana Mkubwa, mkono wa Kaizari katika nchi ya miiba! Mimi ni nani hata nikikaribie kiti hiki? Mimi ni vumbi la kizingitini. Akili yangu ni ndogo, sauti yangu ni ndogo, na hata kivuli changu saa sita hakionekani. Sifai."

Ilikuwa kukataa kuzuri kuliko kote kulikowahi kusikika pale. Wazee waliguna kwa raha.

"Vema," akasema Bwana Shauri. "Hafai. Athuman!"

Yotham akabaki na kukataa kwake kwa pili kumemkwama kooni, hana wa kumpa.

Athuman alikuwa mwalimu wa hesabu, Mrangi wa Kondoa, mtu mpole mwenye kofia safi, naye kwao hakufunzwa kurukia vyeo. Akaweka mkono kifuani. "Bwana, ikiwa mwenzangu hafai, mimi niliye nyuma yake nitafaaje? Wapo wanaonizidi."

"Naye hafai." Bwana Shauri akatoa saa mfukoni.

Hapo mzee Chilongani akainuka kwa magoti yake yanayolia. "Bwana, tulia. Hawa wamekataa vizuri sana. Sasa ndipo tunapoanza."

"Mnaanza nini? Nimeuliza, wamejibu. Kwetu jambo huulizwa mara moja! Chuo kisicho na mkuu si chuo. Nyumba hii itakuwa ghala la saruji ya reli, na walimu wote wawili, kesho, watabeba mataruma ya kulazia reli." Akawatazama wote kama anayetazama ng'ombe waliogoma kuvuka. "Kwa mara ya mwisho. Yuko anayekitaka kiti hiki? Aseme: nataka."

Ee masikio yaliyokuwapo, shuhudieni! Neno hilo hakuna mtu wa pale aliyewahi kulitamka juu ya ukubwa. Yotham alimwona Zipora miongoni mwa wanawake, Zipora ambaye alikwisha kuwatangazia wote kisimani kwamba yeye ni mke wa mkuu. Akaliona taruma begani mwake, juu ya kanzu. Akakiona kiti. Ndipo vita vikapigwa ndani ya kinywa kimoja: adabu ikafunga lango la meno, tamaa ikalipiga kwa magogo, ulimi ukapanda na kushuka, jasho likamwagika mpaka kwenye ukosi, na mwisho lango likavunjika.

"Nataka," akasema Yotham.

Wanawake walifunika vinywa. Mzee mmoja aligeuza kigoda akautazama mlima.

"Vema," akasema Bwana Shauri, akapanda nyumbu, akaenda zake.

Yotham alikuwa amekwisha kukaa. Mzee Chilongani akamjia polepole, akamwinamia kwa huruma. "Mwanangu, aibu hii ina dawa. Mdachi ameondoka, pombe imeiva. Simama ukatae kidogo tu, nasi tukusihi, tukukamate, tukukalishe. Iwe halali."

Yotham akatazama njia, ambako vumbi la nyumbu lilikuwa bado halijatua. Akaishika mikono ya kiti. "Sikatai."

"Kataa mara moja tu. Tutakukamata."

"Mara moja nimekwisha kukataa, mzee wangu. Nani alinikamata?"

Wazee wakajitwika mtungi wa pombe, wakarudi nao nyumbani, na Zipora akawafuata bila kugeuka.

Mkuu akakohoa, akatoa amri yake ya kwanza. "Mwalimu Athuman, ingia ukafundishe hesabu."

Athuman akaweka mkono kifuani. "Mkuu, mimi ni nani? Sifai."

"Ingia, vijana wanangoja!"

"Wapo wanaonizidi," akasema Athuman kwa upole mkubwa, akainuka, akashika njia ya Kondoa.

Basi Yotham, simba wa kanuni, akakiacha kile kiti alichokipigania, akakimbia uwanjani na pindo la kanzu mkononi, akamkamata Athuman mikono yote miwili. "Nakusihi, ndugu yangu! Nakusihi!" Akamvuta hadi ndani ya tembe, akamkalisha kwa nguvu, naye Athuman akilalamika kwa sauti watu wote wasikie.

Wanafunzi walikuwa wameona nani amesihi na nani amesihiwa, na desturi waliijua tangu migongoni mwa mama zao. Wakasimama wote pamoja.

"Shikamoo, Mkuu," wakamwambia Athuman.

Haya, enyi mliosikia, mtukuzeni Yotham mpaka maji yapatikane Ugogo! Kiti alikitwaa, na hakuna mtu aliyewahi kumnyang'anya.