Mgonjwa wa Kuonyesha Wageni

Jumanne, 6 Agosti. Ukungu mzito juu ya Lualaba, kisha jua.
Habari kubwa! Wageni wawili wa Ubelgiji, waliokuja Nyangwe kupiga picha viboko, watatupa mota ya mtumbwi wetu wa wagonjwa. Kwanza wanataka kutuona kazini Alhamisi. Mimi ndimi prezida wa wajitoleaji wanaobeba na kuvusha wagonjwa. Makamu wangu, Mwanvua, anakitamani kiti changu. Uchaguzi ni Jumapili. Yeye ana mabega. Mimi nina diploma. Tatizo moja tu: wiki hii hakuna anayeumwa. Watu wa hapa hawana ushirikiano kabisa.

Jumatano, 7 Agosti. Upepo na vumbi.
Mgonjwa amepatikana! Shemeji Magloire, mzima kama fahali, atalala kwenye tipoyi, machela yetu ya miti, tumbebe hadi mtoni. Amedai kuku. Nimemwamuru asitikisike wala asiseme neno, litokee litakalotokea. Mwanvua amesema kumbeba mutu muzima hivyo ni kuita balaa. Nikamjibu kwamba hayo ni maneno ya wasiomaliza sekondari. Akaniuliza, “Mama Prezida, na hiyo diploma inajua kupiga kasia?” Wivu mtupu!

Alhamisi, 8 Agosti. Jua kali tangu asubuhi.
Tulipitia sokoni, wapiga kura wanione. Kwa sababu ya vumbi nilimfunika Magloire shuka jeupe, kichwa hadi miguu. Usafi! Nikatangulia kwa uso wa huzuni. Ghafla wauzaji wakasimama. Wanaume wakavua kofia. Muuza ndizi akachungulia chini ya shuka, akapiga yowe: “Magloire wa Mama Anastasie!” Soko zima likaangua kilio.

Nilieleza. Nani alisikia? Vijana wakatupokonya tipoyi: mfu, walisema, anapelekwa kwa mama yake, havushwi mto. Na Magloire? Kimya, kama nilivyomwagiza. Nidhamu ya ajabu.

Mama Anastasie alitoka mbio, akajikwaa kwenye mafiga, akavunjika mguu. Hapo maiti akaketi na kuuliza mama ana nini. Waombolezaji wakakimbia, wengine juu ya mihogo iliyoanikwa.

Hatimaye, mgonjwa wa kweli! Nikasema wamngojeshe kidogo niwaite wageni. Mwanvua hakungoja. Alimwangusha Magloire chini, akampakia mama yake, mbio hadi mtoni. Nilipofika na hotuba yangu, mtumbwi ulikuwa katikati ya maji, Mwanvua akipiga kasia, na wageni ukingoni wakipiga makofi.

Ijumaa, 9 Agosti. Mawingu.
Mama Anastasie amefungwa mguu; atatembea tena, wanasema. Anamwambia kila anayemtembelea jina langu. Wazee wameamua: aliyeliliwa akiwa hai lazima achinjiwe mbuzi, kilio kimtoke. Mbuzi ni wangu. Magloire anamtaka na kuku wake.

Jumapili, 11 Agosti. Asubuhi baridi, anga safi.
Uchaguzi. Mwanvua amepata kura zote isipokuwa yangu. Mota amekabidhiwa yeye. Akaniomba, kwa upole wa kuudhi, nibaki kama mwandishi wa kikundi. Nimekataa. Ambulansi ni kazi ya mabega. Mimi ni mtu wa mipango.

Nitaanzisha wajitoleaji wa kuzima moto. Wageni wako hapa hadi Jumatano. Moto haupo, ni kweli. Lakini Mwanvua ana jiko lililoezekwa nyasi, kuukuu, karibu na maji. Sidhani kama atalisikitikia.

Naenda kulala, saa tatu na nusu. Moyo mweupe kabisa.