Nyumba Namba Moja-Sifuri-Sifuri

"Watu wote wa Chang'ombe, Temeke na viunga vyake mnatangaziwa ya kwamba Serikali, kwa huruma yake, imeona tarakimu kumi ni nyingi mno kwenu. Kuanzia Jumatatu mtatumia mbili."

Tangazo hilo lilibandikwa mwaka 1953 kwenye mlango wa ofisi ndogo ya Chang'ombe. Aliyelisaini ni Bwana Wilmot, mkuu wa ofisi. Aliyeliandika ni karani wake, Gozbert Kamugisha, mtu wa Bukoba, ambaye alikuwa amefundisha hesabu misheni miaka sita na alidhani hakuna jambo la namba litakalomshangaza tena.

Sababu yake ilikuwa ya kitaalamu kabisa. Bwana Wilmot alitaka kila nyumba iwe na kibao cha namba mlangoni. Akaagiza mabati yaliyotobolewa tarakimu, yale ambayo ukiyaweka juu ya ubao na kupitisha brashi ya rangi, namba inatokea. Sanduku likafika Kurasini. Lilipofunguliwa, yalikuwamo mabati mawili tu, la sifuri na la moja. Mengine yalikuwa yameliwa na kutu ya safari.

"Tuandike barua tuletewe mengine, Bwana?" Kamugisha aliuliza.

"Nikiandika, watajua sikukagua sanduku wakati wa kulipokea," alisema Bwana Wilmot. "Je, sifuri na moja haziwezi kufanya kazi peke yake?"

Kamugisha, kwa kosa la mtu mkweli, alijibu kwamba zinaweza. Akaeleza jinsi ya kuhesabu kwa mbili. Moja ni 1, mbili ni 10, tatu ni 11, nne ni 100, na kuendelea. Bwana Wilmot alimsikiliza akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua, alikuwa tayari ana sera.

Basi nyumba mia moja na ishirini zikapigwa namba. Mwalimu Adelard wa nyumba ya tisini na moja alipata 1011011, na kwa kuwa mlango wake ulikuwa mwembamba, tarakimu mbili za mwisho zikaandikwa kwenye ukuta wa jirani. Mkunga Apolonia, akiitwa kwa mzazi, aliruka sifuri moja barabarani akajikuta kwa kinyozi, aliyekuwa mzima wa afya. Bwana Wilmot naye, ili awe mfano kwa raia, alikubali nyumba yake yenye baraza la maua, ya sitini na nne, ipewe namba 1000000. Wageni wake walilalamika kwamba wakifika sifuri ya nne hupoteza hesabu. Yeye aliandika kwenye ripoti kuwa wananchi wameupokea mpango kwa shangwe.

Kisha ikaja amri ya barabara. Mpima ardhi wa mjini, ambaye hakuwa na habari ya mambo ya Chang'ombe, aliandika kwa hesabu ya watu wote: "Nyumba namba 100 ibomolewe Ijumaa." Alikusudia nyumba ya mia moja, banda la chokaa lililokuwa halina mtu. Bwana Wilmot akapiga muhuri bila kutazama. Na kwa kuwa yeye mwenyewe alishaagiza kwamba namba zote katika karatasi za ofisi zisomwe kwa hesabu mpya, nyapara Mwishehe aliwachukua vijana wake wanane wenye mitarimbo, Alhamisi asubuhi, wakaenda kupima kazi kwenye mlango ulioandikwa 100.

Ilikuwa nyumba ya nne. Ilikuwa ya Bi Wahiba binti Thuwaini.

Bi Wahiba alikuwa mjane mwenye duka la viungo, na nyumba hiyo alizaliwa humo, akaolewa humo, akafiwa humo. Kamugisha alipofika na baiskeli yake, alimkuta amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha, nyapara amesimama mbele yake kama mtu aliyekuja kununua mdalasini.

"Shikamoo, Bi Wahiba."

"Marahaba, mwanangu. Haya, wewe ndiye uliyesoma. Niambie, nimewakosea nini?"

"Hujakosea, mama. Ni namba."

"Namba sikuiomba mie. Mmekuja wenyewe na brashi yenu. Leo mwasema kwa ajili ya namba hiyo nyumba ya baba yangu inakwenda?"

Kamugisha aliitazama mikono yake yenye wino, akakumbuka kuwa ni yeye aliyesema zinaweza. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Mwishehe," alisema, "hiyo siyo mia yenyewe."

"Karani, mie hesabu sijui," alijibu nyapara. "Mie najua muhuri. Muhuri unasema moja, sifuri, sifuri. Mlango unasema moja, sifuri, sifuri. Kesho saa mbili nabomoa. Nisamehe sana, Bi Wahiba."

"Nikusamehe kwanza, ubomoe baadaye? Toka hapo!"

Kamugisha alikanyaga baiskeli mpaka ofisini na kumweleza Bwana Wilmot yote, taratibu, mara mbili.

"Inasikitisha," alisema Bwana Wilmot. "Lakini karatasi ina muhuri, na nakala tatu zimekwenda mjini. Karatasi ikishapigwa muhuri haikosei. Nyumba ndiyo imekosea."

Pembeni ya meza palikuwa na sanduku la pili, lililofika asubuhi ile, kwa kuwa huko ng'ambo walikuwa wametuma jingine bila kuombwa. Kamugisha alilifungua ili tu mikono ipate kazi. Ndani yake mlikuwa na mabati kuanzia sifuri hadi saba.

"Nane na tisa?" aliuliza Bwana Wilmot.

"Hazimo, Bwana. Tisa tungeweza kuipata kwa kupindua sita."

Bwana Wilmot alisimama. "Kamugisha! Katika ofisi hii hakipinduliwi kitu."

"Ndiyo, Bwana. Basi tuhesabu kwa nane." Wazo lilikuwa limemjia. "Kazi ni nyepesi. Namba zetu za sasa tunazikata tatu tatu, tukianzia kulia. Kila kipande cha tarakimu tatu kinakuwa tarakimu moja. Mwalimu Adelard, 1 011 011, anakuwa 133. Ukuta wa jirani unapona. Bi Wahiba, 100, ni kipande kimoja. Anakuwa 4."

"Na mimi?"

"1 000 000. Unakuwa 100, Bwana."

"Mia!" Uso wa Bwana Wilmot ulichanua. "Hiyo ndiyo namba ya mtu mwenye cheo. Vibao vyote vibadilishwe leo. Na karatasi zote za ofisi, za zamani na mpya, zisomwe kwa hesabu ya nane."

"Bwana, kuhusu karatasi za zamani, ile amri ya kubomoa..."

"Kamugisha, wewe hesabu. Mimi naamua."

"Ni kwamba mia sasa ni..."

"Andika!"

Kamugisha aliandika. Aliandika agizo, na chini yake, kwa mwandiko mzuri wa misheni, akaandika onyo kwamba amri ya Ijumaa sasa inaihusu nyumba ya mheshimiwa mkuu wa ofisi. Bwana Wilmot akasaini vyote viwili, akachukua kofia na bunduki, akaenda Madale kuwinda kanga hadi Jumamosi.

Ijumaa saa mbili Mwishehe aliukuta mlango wa Bi Wahiba una 4. Akamsalimu kwa heshima, akapita. Akatembea akisoma milango mpaka baraza la maua. Akatoa vyombo vyote nje kwa uangalifu, akavipanga chini ya turubai, kisha akafanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Kibao hakukivunja, kwa sababu amri ilitaja nyumba, haikutaja kibao. Alikichomeka kwenye kijiti.

Jumamosi Bwana Wilmot alirudi na kanga wawili, akakosa mahali pa kuwaweka. Alipiga kelele, alimtisha Kamugisha kwa jela, kisha Kamugisha akamwonyesha saini yake. Hatimaye Bwana Wilmot akaandika mjini kuomba nyumba nyingine.

Mkaguzi alitumwa siku ya nne, Mwingereza mwembamba mwenye jalada kubwa la mjini, la hesabu ya kumi. Alimkuta mwombaji amekaa kitini katikati ya kifusi. Akasoma kwenye jalada kwamba nyumba namba 100 ilikuwa banda la chokaa, na kwamba imebomolewa vizuri. Akasoma kwamba Bwana Wilmot anaishi namba 64, ambayo hakuna aliyeamuru ibomolewe.

"Lakini nyumba haipo!" alisema Bwana Wilmot. "Tazama!"

Mkaguzi alitazama jalada.

"Ipo," alisema. Akaandika: hali njema, hewa ya kutosha, mwanga wa kuridhisha. Ombi limekataliwa, kwa kuwa mwombaji tayari ana nyumba.