Mfumo wa Mihuri Inayoinama

Kwa furaha isiyo na kifani, Manispaa ya Sakamori inautangazia umma kwamba kuanzia tarehe mosi Oktoba, kusubiri kumefutwa.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Kuwabara, Naibu Msimamizi wa Kitengo cha Kuunganisha Vitengo, na mpaka leo sifuti hata nukta. Wenye midomo yao wanasema mradi ulituaibisha. Huo ni upotoshaji. Kila kilichotokea kilitokea kwa mujibu wa mwongozo.

Zamani kila idara ilikuwa na programu yake ya kupanga kazi. Barabara walikuwa na ya kadi za bluu. Ustawi wa Jamii ya njano. Bustani ya kijani, na nadhani waliichagua kwa rangi tu. Programu hizi zilikaa jengo moja na hazikusalimiana. Kazi ikihama idara, karani aliichapa kwenye karatasi, akapanda nayo ghorofani, mwenzake akaiingiza upya, na katikati hapo wote wawili wakanywa kahawa.

Ndipo tukamleta mtaalamu mwelekezi, Bi. Segawa. Alituonyesha namna ya kuziunganisha bila kujua uandishi wa programu hata chembe: unaburuta kisanduku, unachora mshale, unaandika "kikitokea hiki, fanya kile". Basi.

"Kwa hiyo hata mimi naweza?" aliuliza Bwana Doi, Mkuu wa Barabara.

"Hata wewe, bosi. Ndiyo uzuri wake."

Doi alichora mshale wa kwanza kwa mkono wake: kadi ikiingia Barabara na haihusu gari, ifungwe, ifunguliwe Ustawi. Bi. Kashiwagi wa Ustawi akachora wake: kadi ikihusu chuma au mawe, ifungwe, ifunguliwe Bustani. Bwana Terao wa Bustani hakukubali kuachwa nyuma: kadi isiyo na majani ifungwe, ifunguliwe Barabara.

Tukapiga makofi. Tukawasha.

Kadi ya kwanza kuingia ilikuwa ya Bibi Tome Ushijima, miaka themanini na mitatu, fundi mstaafu wa kiwanda cha glovu. Anakaa mlimani, na njia yake ni moja: vidato sitini na vinane vya mawe. Aliomba kishikio cha chuma, mita thelathini, cha kumsaidia kupanda na kushuka. Aliomba miaka mitatu iliyopita. Katikati hapo alianguka akavunjika kifundo cha mkono, na mpwa wake akampa sharti: theluji ya mwaka huu ikianguka kabla ya kishikio, anahamishiwa nyumba ya wazee mji wa jirani. Atake asitake.

Kadi yake ilizunguka idara zote tatu kwa dakika mbili. Kila ilipofungwa, mfumo ulihesabu kazi moja iliyokamilika. Kufa haikufa, kwani kwa mujibu wa mfumo kadi hufa pale tu mwombaji anapogonga muhuri wake kwamba ameridhika. Kwa hiyo ikaendelea. Mwisho wa Oktoba tulitoa taarifa: kazi elfu sitini na sita zimekamilika. Mwaka mzima uliotangulia tulikamilisha mia nne.

Bibi akanipigia simu.

"Kuwabara, baba, kishikio changu kiko wapi?"

"Kimekamilika, Bibi."

"Kimekamilika wapi? Mimi nimesimama mlangoni naona mawe."

"Kimekamilika mara elfu sitini na sita. Hakuna mwananchi Sakamori aliyehudumiwa kama wewe."

Akasema, "Baba yako alikuwa tarishi. Akisema kaleta barua, unaishika mkononi. Kiwanda kilipofungwa, meya wa wakati ule alituletea tangazo. Barabara ilipoporomoka, meya mwingine, tangazo jingine. Ninayo yote hapa, saba. Na lako la nane. Nikiyashona pamoja, si yatafika mita thelathini?"

Niliandika: mwananchi ametoa maoni chanya.

Novemba tukaingia awamu ya pili, mihuri. Kwetu hati haigongwi muhuri hivi hivi. Muhuri wa mdogo hulala kidogo kushoto, kuuelekea wa mkubwa wake, kama mtu anayeinama kwa heshima. Ukiusimamisha wima, utaulizwa kama kwenu hamkufundishwa adabu. Mfumo usiojua kuinama tusingeupokea.

Kikao kilifanyika mbele ya kamera za televisheni ya mkoa. Bi. Segawa alipanga visanduku: karani anamwinamia msimamizi, msimamizi anamwinamia mkuu wa idara, mkuu wa idara anamwinamia meya.

"Na Mheshimiwa," akauliza, "anamwinamia nani?"

Doi alikohoa. Terao akatafuta kalamu chini ya meza. Meya Onodera akaitazama kamera, akasimama.

"Mimi? Mimi namwinamia mwananchi! Mwananchi ndiye mkubwa wangu, na bila baraka yake mimi sifanyi kitu!"

Makofi. Yangu ndiyo yalichelewa kuisha, kama cheo changu kinavyotaka.

Bi. Segawa ni mtu wa kazi. Aliburuta kisanduku, akakiandika "Mwananchi", akakiweka mwisho kabisa. Mfumo ukauliza: mwananchi yupi? Akachagua: yule mwenye ombi la zamani kuliko yote ambalo bado hajaridhika nalo.

Wiki hiyo hiyo mkoa ukatuandikia. Kwa ajili ya zile kazi elfu sitini na sita, Gavana angekuja mwenyewe kututunuku. Tukafungua maombi mia mbili na kumi na manne: mafuta ya taa ya kupasha ukumbi joto, vyakula vya wageni, gari la Mheshimiwa, zulia jekundu. Yakapanda ngazi ya vyeo vizuri, kila muhuri ukiinama. Yakafika kwa meya. Muhuri wa meya nao ukainama kushoto. Halafu yakasimama. Kwenye kioo paliandikwa: *Linasubiri idhini ya Ushijima Tome.*

"Huyu ni nani?" akauliza meya.

"Ni mkubwa wako, Mheshimiwa," nikasema.

"Mtumieni kwenye simu agonge, yaishe."

"Simu yake ni ya mezani."

"Basi aje hapa!"

"Hawezi kushuka, Mheshimiwa. Hakuna kishikio."

Akamgeukia Bi. Segawa. "Futa huo mshale. Sasa hivi."

"Naufuta, Mheshimiwa. Ila kubadilisha mshale nako ni hati, na hati lazima ipate mihuri yote, na wa mwisho ni wa—"

"Usimtaje!"

Tukapanda, meya mbele, wakuu watatu nyuma, mimi na furushi la maombi yote, yamechapwa kwenye karatasi. Mawe yalikuwa na barafu. Doi aliteleza kidato cha ishirini, akasema neno ambalo halimo kwenye mwongozo. Terao alipanda kwa magoti, akidai anakagua.

"Shikamoo, Bibi," alisema meya akihema.

"Marahaba. Vua viatu."

Soksi ya Mheshimiwa ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Bibi aliliona, akasogeza mto wa kukalia, akavaa miwani. Akaanza kusoma. Zote. Moja moja.

"Vyakula mia mbili, vya samaki mkunga wa kuchoma? Mkunga wa nini? Wapeni wali wa kufinyanga na figili za chumvi, mbona sisi tunakula." Akachora mstari. "Zulia jekundu, mita thelathini." Akaishusha karatasi. "Kumbe mita mnazo."

Nje lilikuwa linajikusanya wingu la theluji, na yeye alilitazama kuliko sisi.

"Bibi," meya alisema kwa sauti ya chini, "tukikuwekea kishikio leo, utatugongea?"

"Nitagonga kwanza kadi ya kishikio. Nikishakishika."

"Na hii hati ya mshale?"

"Hiyo ina maneno magumu. Iache."

Siku hiyo Sakamori ilishuhudia mradi shirikishi wa kwanza katika historia yake. Barabara walileta mabomba, Bustani simenti, Ustawi chai. Meya mwenyewe alibeba bomba begani, na Bibi mlangoni akipiga kelele: "Liinue huko nyuma! We Doi, hujawahi kushika spana?" Kazi iliyokamilika mara elfu sitini na sita ilikamilika saa kumi jioni.

Bibi Tome alishuka na kupanda mara mbili, mkono kwenye chuma. Kisha akatoa muhuri wake wa mti na kuugonga wima, bila kuinama hata unywele. Kadi ikafa. Akagonga na zilizobaki, isipokuwa zulia na ile hati yenye maneno magumu. Akampigia mpwa wake simu palepale, sisi tukisikia, akamwambia chumba cha wazee akalale yeye.

Njiani kushuka, meya alininong'oneza, "Sasa tumemalizana naye?"

"Kabisa, Mheshimiwa. Hayumo tena kwenye mfumo."

Usiku ule theluji ikaanguka. Asubuhi mafuta ya taa ya ofisini yalikuwa yamekwisha, nikafungua ombi jipya. Likapanda, likainama, likasimama. *Linasubiri idhini ya Hasunuma Genzo.* Anadai mtaro wa maji, mwaka wa pili sasa. Anakaa juu ya Bibi Tome, vidato mia moja na kumi na viwili zaidi, bila kishikio. Nyuma yake wapo mia tatu themanini na sita.

Meya aliutazama mlima muda mrefu.

"Kuwabara. Katika hao wote, hakuna hata mmoja anayekaa tambarare?"

Nilikagua orodha mara mbili, kwa heshima ya cheo chake. Nikamjibu ukweli: hakuna. Tambarare tunakaa sisi wakuu, na maombi yetu, kabla ya mshale ule, hayakuwahi kulala hata siku moja.

Akachukua koleo, akaanza kupanda.