Atomu Yenye Kwato

Jumatatu, 20 Oktoba 1997, Kehancha

Mkaguzi, Madam Scovia, anakuja Ijumaa kututazama tukifundisha. Kisha atachagua mkuu wa idara ya sayansi: mimi wa fizikia au Werema wa kilimo. Werema! Mtu wa mbolea! Nikikosa tena, mke wangu ataendelea kuwaambia watu wa kwetu Homa Bay, kule ziwani, kwamba "nafikiriwa".

Silaha ninayo. Redio ilisema juzi kuna wataalamu waliotuzwa kwa kupoza atomu kwa leza.

Jumanne, 21

Hatuna leza. Hata stima hatuna. Nimewaza mpaka chai ikapoa yenyewe.

Nimepata! Atomu hukimbia ovyo. Mwanga wa leza huisukuma kutoka kila upande hadi ipunguze mwendo, na huko ndiko kupoa. Ikitulia, huchunguzwa: je, maumbile hayabagui kulia na kushoto? Basi atomu yangu ni ng'ombe. Mwanga ni punje za mahindi, wanafunzi warushe; akisimama, nimguse kiwele kulia na kushoto.

Jumatano, 22

Werema ameniazima ng'ombe wake bila hata kubembelezwa. Ni mpole, ati, kama mama mkwe aliyeshiba. Akauliza, "Mwalimu Samaki, utamgusa upande gani?" Nikamjibu pande zote, ndiyo sayansi. Akakohoa sana. Vumbi, nadhani.

Alhamisi, 23

Sijala. Nimehesabu punje mara tatu. Werema kashauri nisifanye mazoezi, ng'ombe asichoke. Ananijali!

Ijumaa, 24

Punje zikarushwa. Atomu ikapunguza mwendo, ikasimama! (Ilikuwa inakula mwanga, lakini mkaguzi hakuuliza.) Nikagusa kiwele kutoka kulia: shwari. Nikatangaza kwamba kushoto nako kutakuwa vivyo hivyo. Madam Scovia akasogea, kalamu tayari. Darasa zima likarudi nyuma hatua mbili. Watoto wa hapa wote wanajua ng'ombe wao hukamuliwa kutoka kulia tu. Mimi nimelelewa na samaki.

Nikazunguka kushoto. Nikagusa.

Yawa!

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, makalio yana alama ya kwato. Werema ndiye aliyemtuliza ng'ombe, akamweleza mkaguzi sababu, kwa upole wote. Madam alicheka mpaka miwani ikaanguka. Alisema ng'ombe ndiye pekee aliyejibu swali langu: hapana, pande si sawa.

Jumamosi, 25

Werema ndiye mkuu wa idara. Amekuja kuniona, kaleta uji. Tumekubaliana kosa lilikuwa la atomu. Mkaguzi atarudi muhula ujao, na Werema ana fahali. Hana kiwele, anasema, kwa hiyo hana ubaguzi wa pande.

Ataniazima. Mtu muungwana sana.