Meya wa Kuni

Jumatatu, 12 Januari

Mji wangu una nyumba kumi na moja na mbuzi wasiohesabika. Siku njema! Zachariah akaiharibu kabla hatujafika kazini.

Mchezo wenyewe una jina refu la Kijerumani nisiloweza kulitamka. Mimi nauita Bonde. Mnapewa bonde moja, kila mtu anajenga mji wake, analima, anafuga, ananunua kwa wachuuzi wanaopita. Saa yake haisimami. Ukilala, watu wako wanaendelea kula. Na haujakamilika. Waliouunda walisema wazi tangu mwanzo: baadhi ya mambo yapo, mengine yanakuja. Njaa ipo. Kodi ipo. Mvua inakuja.

Tunaocheza ni wachache, sote wa hospitalini. Mimi nasukuma vitanda vya wagonjwa, Zachariah ni nesi. Yeye anakaa Maple Grove, mimi Brooklyn Park, na tangu baridi iue betri ya gari langu, yeye ndiye hunipitia asubuhi. Mtu mwema. Tabu yangu ni hiyo hasa. Mji wake una kanisa, madaraja mawili na tanuri la mikate, na njia nzima hadi kazini Coon Rapids ananieleza habari za unga. Leo kasema watu wangu wakikosa mkate nisione haya, nimwambie tu.

Nisione haya! Mimi, Alwi, mtoto wa Lamu! Ukoo wetu ulikuwa ukifanya biashara kabla Minnesota haijapewa jina!

Nilimweleza mke wangu, Nasima, dharau hii. Akauliza kama meya anaruhusiwa kutoa taka nje.

Jumanne, 13 Januari

Nimepata!

Kwenye Bonde nako majira ya baridi yanaingia. Atakayeshika kuni zote ameshika bonde zima. Hakuna mwingine aliyewaza jambo hili. Wao wanawaza mikate.

Nimewapa wachuuzi sufu yote. Nikawapa na mbuzi. Nikachukua kuni, nikachukua tena. Watu wangu wamebaki bila maziwa lakini wana meya mwenye maono.

Garini nilijifanya mnyonge. Nikamwambia Zachariah nafikiria kuingia kwenye ufinyanzi. Alifurahi, maskini. Akanishauri habari za vyungu mpaka tukaegesha gari. Mimi naitikia kwa kichwa, moyoni ngoma.

Jumatano, 14 Januari

Kuni zote ni zangu! Mchuuzi wa mwisho kaondoka na mikokoteni mitupu. Rundo limefunika uwanja, limeziba mlango wa msikiti, limeanza kupanda kilima.

Nasima alitoka dukani kwake Cedar-Riverside amechoka, akaniomba niuangalie wali wakati anaoga. Wali umeungua. Nilimweleza kwamba kiongozi hawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Akanipakulia ukoko, akasema nile nilichokiongoza.

Alhamisi, 15 Januari

Siku ya ushindi. Halafu siku ya kitu kingine.

Nilipoingia garini Zachariah hakungoja nifunge mkanda. Akaniuliza, "Alwi, ni wewe umechukua kuni zote?"

Nikasema sokoni hakuna udugu.

"Watu wangu wanaganda, bwana. Unataka nini?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema nataka madaraja yote mawili, na tanuri la mikate, nalo liitwe Tanuri la Alwi. Tukavuka mto. Nikahisi miguu inakufa ganzi, kuangalia, kumbe amezima hita ya upande wangu.

Tulipofika akasema, "Sawa. Chukua. Lakini kuni zifike leo."

Wakati wa chakula cha mchana akanipa kila kitu. Kumpa mwenzako jengo kunafanya kazi vizuri sana, nimeshuhudia. Nikakaa vyema kwenye kiti, nikafungua ghala, nikabonyeza kitufe cha kumpelekea mwenzako mali.

Yakatokea maandishi: Kinakuja.

Nikabonyeza tena. Kinakuja. Nikazima simu, nikawasha. Kinakuja! Kununua kumekamilika, kuuza bado! Basi nikajaribu kumrudishia madaraja. Haikubali. Jengo likishabadilisha meya halirudi mpaka msimu ujao.

Mwanamume kamili angepanda ngazi kwenda wadini kwake kumweleza. Mimi nilimwandikia ujumbe: kuni ziko njiani.

Sijui kwa nini. Vidole viliandika vyenyewe.

Ijumaa, 16 Januari

Zachariah hakunipitia. Nilisimama nje mpaka masharubu yakawa barafu. Nikampigia, hakupokea. Nikapanda basi, nikashuka, nikangoja jingine, nikafika kazini wakati mgonjwa wangu wa kwanza alishasukumwa na msimamizi mwenyewe.

Msimamizi ni Perpétue, Mkongomani, mwanamke asiyepandisha sauti. Afadhali angeipandisha. Kaniambia, "Papa Alwi, mara ingine ukichelewa hivi, nitakuweka zamu ya alfajiri mpaka theluji iishe." Theluji ya hapa! Inaweza kuisha Mei!

Kwenye Bonde, watu wa Zachariah wamehama. Mtu akiona baridi huenda kwenye kuni, na kuni ziko wapi? Wameingia mjini kwangu na magodoro yao, karibu wote, wanataka mkate. Tanuri ninalo. Mwokaji sina, kabaki kanisani kwao anasali.

Mmoja wao akawasha kijimoto cha kupikia uji. Kando ya rundo.

Moto umekamilika. Umetengenezwa kwa ustadi wa hali ya juu. Ulishika uwanja, ukashika soko, ukapanda kilima, ukaruka kwenye madaraja yangu mapya. Nikatafuta zimamoto.

Inakuja.

Jumamosi, 17 Januari

Sina mji. Nina kisima.

Nasima aliniuliza mbona jana nilikwenda kwa basi. Nikamwambia habari yote, nikiruka sehemu zisizopendeza. Akaniuliza sehemu nilizoruka. Kisha akampigia simu Nkatha, mke wa Zachariah, akawaalika pilau, leo leo. Nikasema hawatakuja. Walikuja.

Zachariah alinisalimu kama mtu anayesalimu mlango. Tulikula. Wanawake wakaongea habari za bei za viazi na barabara zilizoganda. Mimi nikasifu kachumbari mara nyingi kuliko inavyostahili kachumbari yoyote.

Ndipo Nkatha akaweka kijiko chini. "Shemeji, unajua mtaa wa kwanza kule mjini kwake anauitaje?"

Nikasema sijui. Kwa kweli sikuwahi kutazama. Nilikuwa nikitazama madaraja.

"Mtaa wa Nkirote. Ni mama yake."

Zachariah akamwambia aache. Hakuacha. Akasema mama alifariki mwaka jana huko Meru, na karatasi za Zachariah hazikumruhusu kusafiri kwenda kumzika. Basi kwenye Bonde alimjengea nyumba yenye shamba la mboga, kama ile ya nyumbani. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini hufungua simu, akaangalia kama moshi unatoka jikoni, akishauona ndipo avae viatu.

"Tangu Alhamisi hakuna moshi," Nkatha akasema.

Nasima hakuniangalia, na kutoangaliwa na Nasima ni adhabu iliyokamilika kabisa.

Nikasema, "Zachariah, nimekukosea. Nilijua kuni haziendi popote, nikakwambia ziko njiani. Na kabla ya hapo nilikuchezea akili. Nisamehe."

Akasema, "Kuni si kitu. Lakini vyungu, Alwi! Nilikaa nikasoma habari za udongo baada ya shifti, nimechoka, ili nikufundishe vizuri. Na wewe unaniitikia kwa kichwa!"

"Uliuelewa huo udongo?" Nasima akamuuliza.

"Sana."

Nkatha akaanza kucheka, akashindwa kuacha. Nasima akamfuata. Mwisho Zachariah naye, kwa kujikaza, kama mtu anayelipishwa. Akasukuma sahani yake mbele aongezwe pilau. Wakati wa kuondoka, akifunga zipu ya koti, akaniambia, "Jumatatu nitakupitia. Utakaa nyuma."

Nililia kidogo jikoni. Vitunguu.

Jumapili, 18 Januari

Nimeufuta mchezo mbele ya Nasima. Nikamwambia mimi ni mtu mpya. Akanitaka nirudie maneno hayo nikiwa nimemtazama usoni. Nikarudia! Kisha nikatoa taka, nikasafisha theluji mlangoni mwetu na mlangoni mwa jirani, ambaye alitoka nje kuuliza kuna nini.

Sijawahi kujisikia mwepesi hivi. Urafiki ni kitu kikubwa. Miji huungua, mtu hubaki.

Jumatatu, 19 Januari

Nilikaa kiti cha nyuma. Tulipofika taa za kwanza Zachariah akaniuliza kama nimeona. Nikasema sijaona, nimeufuta. Akasema niurudishe upesi: wametoa toleo jipya, wote tunaanza sifuri, na kuna ushirika. Mameya wawili wanaweza kuwa na ghala moja.

Akaniomba tuwe na ghala moja, mimi na yeye. Alisema hivyo bila kugeuka, akitazama barabara. Alisema mtu aliyekuomba msamaha mbele ya mke wake unaweza kumwachia funguo. Na kweli, kabla hatujashuka, akanitumia nywila ya ghala.

Nimeguswa. Nimeguswa sana. Nasima sijamwambia bado, nangoja wakati mzuri.

Nimelichungulia hilo ghala wakati wa mapumziko. Zachariah anajua kazi. Ameshajaza chumvi, magunia mpaka darini. Nyama zote za bonde zitahitaji chumvi. Samaki wote. Na sehemu nyingine hakuna chumvi, nimekagua pande zote nne.

Ghala lina mlango mmoja tu. Si salama. Yeyote mwenye nywila anaweza kuingia.

Kesho Zachariah ana zamu chumba cha upasuaji, simu yake inabaki kabatini. Nitaihamishia mjini kwangu hiyo chumvi, yote, nikajenge ukuta. Kitufe cha kuhamisha nimeshakijaribu kwa gunia moja, kinafanya kazi safi kabisa. Wizi huu? La hasha. Huu ni ulinzi. Atanishukuru.