Fundi Aliyeziba Sanaa

Bubu, fundi viatu ambaye tangu azaliwe hajawahi kufunga mdomo, alikuwa anafunga viatu vya mteja kwa gazeti la jana ndipo macho yake yalipokwama kwenye habari moja. Akavitoa viatu, akalikunjua gazeti mbele ya wenzake wa benchini.

"Jamani, dunia imekwisha! Sikilizeni. 'Mtu asiyejulikana ameharibu kazi ya sanaa kwenye jumba la sanaa za kisasa. Kazi hiyo, iitwayo Ukimya Unaovuja, ilikuwa ni ufa ukutani.'"

"Ilikuwa nini?" akauliza Chapuchapu, fundi ujenzi anayemaliza nyumba kabla mwenyewe hajamaliza kusema anataka vyumba vingapi.

"Ufa! Msanii aliusubiri miezi minane ujitokeze."

"Miezi minane? Mvivu huyo."

Mheshimiwa akainua kidole. Alikuwa tarishi wa mahakama mpaka alipostaafu, na kesi alizozisikilizia mlangoni aliona zinamtosha kuwa jaji. "Kisheria, ufa wenyewe ni uharibifu. Sasa ukiharibu uharibifu, kosa lako lipi?"

"Ameuziba, Mheshimiwa! Ameupiga lipu safi, akaenda zake."

Benchi zima likaangua kicheko, isipokuwa Mwiko, fundi lipu, aliyekaa pembeni. Yeye alijitia kukung'uta vumbi kwenye suruali, maana huyo mtu asiyejulikana, wenzake walikuwa wanabanana naye benchi moja.

"Mwendawazimu huyo," Chapuchapu akasema. "Mtu mzima unakwenda kutazama sanaa na lipu mkobani?"

"Malizia kusoma, Bubu," Mwiko akasema kwa sauti ndogo. "Wamesemaje kuhusu mhudumu?"

"Ngoja... 'Binti anayetembeza wageni, mwenye wiki tatu tu kazini, huenda akaachishwa kazi kwa uzembe.' Maskini! Wiki tatu tu? Si kama binti yako we..."

Bubu akanyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Wote wakamgeukia Mwiko.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye huyo asiyejulikana. Mwanangu alinialika Jumamosi, nikavaa koti la harusi. Nilijua nitaona picha: simba, mlima, mama kabeba mtungi. Naingia, nakuta kiti kimepinduliwa, watu wamekizunguka wanatikisa vichwa. Nikakisimamisha."

"Na kiti nacho ulikigusa!"

"Kilikuwa kimeanguka! Mbele kuna ndoo inaning'inia darini. Nikauliza, paa linavuja? Bwana mmoja akaniambia nisikilize maumivu ya ndoo. Nikasikiliza mpaka shingo ikaniuma. Ndoo kimya. Basi nikafika kwenye ufa. Wameuzungushia kamba, wameuwekea na taa. Chapuchapu, wewe ni fundi, sema kweli: kamba na taa maana yake nini?"

"Hatari," Chapuchapu akakiri. "Pamevunjika, usisogee."

"Enhe! Nikasema, kumbe mwanangu anashinda chini ya ukuta unaotaka kumwangukia, na wakubwa wake wamefunga kamba tu wakaenda kula. Roho iliniuma. Yeye alikuwa chumba cha pili na wageni. Nikatoa mwiko, jasi ninayo siku zote, maji nikachota chooni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikaziba."

"Wahenga hawakukata tiketi," Mheshimiwa akasema. "Na hao watu hawakukuona?"

"Waliniona. Walinipiga picha. Nilipomaliza wakanipigia makofi."

Mara binti wa Mwiko akatokea, kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mama."

Mwiko akasimama. "Mwanangu, sasa hivi nakwenda kujisalimisha..."

"Najua ni wewe, baba. Nilipitisha mkono pale ukutani, sikuhisi hata alama ya kiraka. Nani mwingine?" Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomuuma Mwiko zaidi. "Mkurugenzi anasema ufa ukirudi kabla ya Ijumaa, nabaki. Usiporudi, nakabidhi kitambulisho."

"Si ukuta upasuliwe tu kwa nyundo?" Bubu akauliza.

"Walijaribu, likatoka tundu. Msanii analia, anasema tundu siyo ufa. Ufa lazima uje wenyewe, kwa hiari yake."

Mwiko akaitazama mikono yake. Miaka thelathini na moja, hakuna ukuta wake hata mmoja uliowahi kupasuka. Hiyo ndiyo sifa aliyokuwa akijipigia kila siku benchini pale, hasa Chapuchapu akiwepo. Leo sifa hiyohiyo inamfukuzisha mwanawe kazi.

"Siwezi," akasema. "Haki ya Mungu, siwezi."

Macho, moja moja, yakaanza kumwendea Chapuchapu.

"Mnaniangalia nini?"

Mheshimiwa akakohoa.

"Aa, sitaki! Mna maana gani? Nyumba zangu watu wanaishi!"

"Wanaishi uani, wanaogopa nyufa," Bubu akasema.

Maneno ambayo Mwiko alitaka kuyasema yalikuwa machungu kama shubiri, lakini mtoto ni mtoto. Akaushika mkono wa Chapuchapu kwa mikono yake miwili.

"Ndugu yangu, miaka yote nimekucheka. Nisamehe. Nakuomba ukaupige lipu ukuta ule."

Chapuchapu alinuna, ila lile "ndugu yangu" lilikuwa limeshamwingia. "Nikienda, naenda kama fundi, siendi kama kichekesho. Nitapiga lipu ya nguvu, kwa uwezo wangu wote. Mambo ya ufa mimi simo!"

"Sikuombi zaidi ya hapo," Mwiko akasema, machozi yakimlengalenga. Akaiinua ndoo ya kazi ya Chapuchapu, ambebee.

Mheshimiwa akahesabu kwa vidole. "Leo Jumatatu. Akipiga kesho, Alhamisi asubuhi ufa upo."

"Alhamisi jioni," Bubu akamrekebisha. "Ukuta huo uko ndani, haupigwi jua."