Malili Ghali, Malili Rahisi

Jumatatu, 5 Januari 1987

Shule zimefunguliwa leo. Kengele ililia, ile ya kipande cha reli, nami nikaacha ufagio nikaanza kutafuta soksi zangu. Mama akaniuliza naenda wapi. Kidato cha Nne nilimaliza Novemba. Matokeo bado. Miezi miwili nimekuwa mtu mzima na sijui mtu mzima hufanya nini asubuhi.

Binamu yangu Kalunde alicheka hadi uji ukamtoka puani. Alikuja Krismasi kutoka Malili na hana dalili ya kurudi. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu yake. Alikitupa pamoja na madaftari alipoacha shule, kwa hiyo hatajisumbua kuchungulia.

Jioni, msiba! Barua kutoka kwa Baba Mdogo Muli, babake Kalunde. Ana vyumba vitatu Malili, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Anasema kwa kuwa Baba amestaafu kazi ya reli, asikae Migwani kutazama mbuzi. Aje afungue karakana ya baiskeli. Tuhame wote!

Mama alisema maisha ya barabarani ni ghali. Kalunde alisema ni rahisi kuliko hapa, kila kitu kinashuka kutoka kwenye lori. Baba alisema ghali na rahisi ni maneno ya watu ambao hawajawahi kuishi Kampala. Mwaka wa sitini na mbili, alipokuwa fundi wa reli huko, shilingi moja ilinunua mkungu wa ndizi wa kubebwa na watu wawili. Mama akamkumbusha kwamba mwaka jana alipotusimulia, mkungu huo ulibebwa na mtu mmoja. Baba akasema labda mtu huyo alikuwa na nguvu.

Kisha akanigeukia. Akasema nimesoma hesabu miaka minne kwa jasho lake, kwa hiyo niende Malili na Kalunde, niulize bei, nilinganishe maisha ya huko na ya hapa. Karatasi yangu ikisema twende, tutaenda. Ikisema tubaki, tutabaki.

Niliitikia kwa kichwa.

Hawajui wamempa nani kazi hii. Sihami Migwani. Istahil yuko Migwani! Miaka minne tumeketi dawati moja. Bikari yangu, protrakta yake. Hakuna aliyewahi kununua cha pili.

Karatasi itasema tubaki.

Jumatano, 7 Januari

Mazoezi ya kuuliza bei sokoni. Vibaya sana.

Shida ni hii. Nikimuuliza mtu bei, ananitazama. Akinitazama, naona aibu kuondoka bila kununua. Nimeuliza bei ya maharagwe, nikanunua. Nimeuliza bei ya kufuli, nikanunua. Hatuna mlango wa kufuli hilo. Mzee mmoja alikuwa akiuza pembe ya ng'ombe ya kutilia ugoro. Nilimkwepa, lakini aliniita mwanangu.

Nikakimbilia duka la kina Istahil. Mzee Yarow, baba yake, huuza nafaka, vitambaa na mbuzi, na huwa haniulizi nataka nini. Mama yao alinipa chai ya iliki. Istahil alitaka kujua kwa nini nimebeba pembe. Nilimweleza habari za kulinganisha bei, sikumweleza habari za kuhama. Nikilitamka litakuwa kweli.

Tuliketi juu ya magunia ya mbaazi kutazama wasichana wa Kidato cha Kwanza wakitoka shule, sketi zikiwafika vifundoni. Istahil alisema tulikuwa hivyo hivyo. Nilikataa. Kisha nikakumbuka sketi yangu niliifunga kwa kamba ya katani hadi Kidato cha Pili. Sikujua kamba inaweza kukumbukwa kwa uchungu hivi.

Jumamosi, 10 Januari

Malili. Vumbi, malori, mahindi ya kuchoma. Kalunde anasalimiwa na kila mtu kama mbunge. Alinitambulisha kwa wote kuwa huyu ni Ndila, ni mpole, msimtishe. Hakuna kitu kinachotisha kama watu kumi wanaojaribu kutokutisha.

Baba Mdogo Muli alinipokea vizuri mno. Alinionyesha vyumba. Amevipaka chokaa. Kimoja kina dirisha linalotazama tambarare mpaka mbali, na amesema hicho ni cha msomi. Nilijitahidi kukichukia.

Sokoni. Nimenunua (bila kutaka) soksi za kiume, misumari robo kilo, na limau tisa.

Bei zenyewe ni janga. Maharagwe, Migwani shilingi kumi na mbili kwa gorogoro, yaani ule mkebe wa mafuta wa kupimia nafaka. Malili, shilingi kumi na tatu. Maji ghali kidogo. Makaa rahisi kidogo. Maziwa sawasawa! Sukari haina maana kuiandika, bei yake hupangwa na serikali. Nani atakataa kuhama kwa sababu ya shilingi moja ya maharagwe?

Jambo moja la ajabu. Mama Yarow akipima hujaza gorogoro mpaka kilima kisimame juu, halafu huongeza konzi moja ya nyongeza. Huku mama muuzaji alipitisha kijiti juu ya mkebe, akausawazisha kama anapiga pasi. Alipoumimina niliona kitako cha mkebe kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani kama sahani iliyofunikwa. Ungeweza kuweka yai hapo chini na lisionekane.

Nilitaka kusema. Nikanunua gorogoro la pili.

Sitaliandika hilo kwenye karatasi. Baba atadhani nimelitunga.

Jumapili, 11 Januari

Kanisani Malili. Mhubiri aliwataka wageni wasimame wajitambulishe. Nilijifanya ninafunga kiatu. Nilifunga kiatu hadi wimbo wa mwisho.

Niliomba bei zipande. Kisha nikakumbuka kuna maskini Malili, nikaomba zipande kwenye karatasi tu.

Jumanne, 13 Januari

Nyumbani. Maombi yamejibiwa, nimeyajibu mwenyewe. Maharagwe ya Malili: shilingi ishirini na nne. Maji: shilingi tatu kwa debe. Kitambaa cha sare, yadi moja, mara mbili ya hapa. Mbuzi mdogo, bei ambayo hata Kampala haijapata kuiona.

Mwandiko wangu hutetemeka nikidanganya. Nikampelekea Istahil. Yeye ndiye aliyechora ramani zote za darasa letu. Amenakili vizuri sana, mistari kwa rula, vichwa kwa wino mwekundu. Migwani kushoto, Malili kulia. Ilipendeza hata mimi nikaiamini. Alibaki nayo usiku mmoja wino ukauke.

Alhamisi, 15 Januari

Tunabaki! Tunabaki! Tunabaki!

Baba alivaa miwani, akasoma mara mbili. Mama akasema, si nilisema? Kalunde alisema bei hizo hajapata kuzisikia tangu azaliwe. Mama alimwambia kwamba asiyenunua hajui bei. Kalunde alinyamaza, jambo ambalo tunaweza kuliandika katika historia ya ukoo.

Baba aliikunja karatasi, akatazama banda lake ambamo vifaa vyake vya kazi vimefungwa ndani ya gunia tangu alipostaafu. Alisema sawa. Hakutaja Kampala. Nililala vibaya kidogo, labda kwa ajili ya limau.

Jumamosi, 17 Januari

Siwezi kuamini.

Nilikwenda kwa kina Istahil nikiimba. Nilimkuta juu ya magunia macho mekundu. Alisema wanahama. Nikauliza wapi. Akasema Malili!

Mzee Yarow aliiona karatasi wino ulipokuwa ukikauka. Aliuliza ni nani anayenunua maharagwe kwa shilingi ishirini na nne. Istahil akamwambia ni watu wa Malili, Ndila ameona kwa macho yake. Mzee akasema huyu Ndila ni mtoto mtulivu, hana neno la bure. Akasema mahali ambapo mbuzi mdogo anauzwa bei hiyo ndipo mfanyabiashara anapotakiwa kulala na kuamka. Ameshaanza kuuliza lori.

Sikuwaza! Bei inayomkimbiza Mama ndiyo inayomwita Mzee Yarow.

Istahil alinishika mkono akasema afadhali mmoja wetu anabaki Migwani. Nilimpa limau. Sikuwa na kitu kingine.

Jumatatu, 19 Januari

Nilikusudia kwenda kukiri. Nilifika hadi mlango wa duka. Mzee Yarow akaniita binti yangu, akanishukuru kwa kumfungua macho. Nikanunua kiberiti.

Mpango mpya ni mzuri kuliko wa kwanza. Karatasi ya pili, ya Mzee Yarow peke yake: "Masahihisho". Bei za kweli hazitoshi kumtisha, kwa hiyo nimezishusha. Maharagwe Malili, shilingi saba. Kitambaa karibu bure. Mbuzi, watu wanapeana tu. Baba ana karatasi yake, Mzee Yarow ana yake, na wote wawili watabaki Migwani. Sioni kasoro.

Niliichora mwenyewe. Rula iliteleza mara mbili.

Jumatano, 21 Januari

Kasoro: Baba hununua tumbaku kwa Mzee Yarow.

Niliitwa dukani. Karatasi mbili zimelala kaunta, moja ya wino mwekundu, moja ya mistari iliyopinda. Baba upande huu, Mzee Yarow upande ule, Istahil nyuma ya vitambaa. Baba aliniuliza kwa upole maharagwe ya Malili ni ishirini na nne au ni saba. Nikasema kumi na tatu. Mzee Yarow alisema ahaa, kuna Malili ya tatu.

Nikasema yote. Nadhani ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa. Nilisema sitaki kuhama, sitaki dirisha la msomi, nataka kukaa juu ya magunia ya mbaazi mpaka nife. Nikaongeza kwamba kweli Malili ni ghali kwa sababu vitako vya mikebe vimegongwa kwa nyundo, hata yai linaingia. Hapo ndipo waliponitazama kwa huruma. Baba akasema inatosha sasa, mwanangu, mkebe umekukosea nini?

Mzee Yarow alicheka mpaka akaketi. Alisema duka lake halihami kwa karatasi ya mtoto, bahati yake hakuwa amelipa lori.

Baba hakucheka. Alizitazama karatasi zile muda mrefu. Kisha akasema kwamba kama Malili imehitaji uongo wote huu ili ionekane mbaya, basi lazima ni mahali pazuri sana. Tunahama mwisho wa mwezi.

Istahil alinisindikiza hadi kona. Alikuwa amekasirika, si kwa uongo, kwa mistari. Aliuliza kwa nini nilimfanya aipigie rula karatasi ya uongo bila kumwambia. Alisema ningemwambia tu, angekuja kulia mbele ya baba yangu. Alisema yeye anajua sana kulia. Na ni kweli, Kidato cha Tatu aliliondolea darasa zima adhabu ya kukata nyasi.

Sikuwa nimefikiria njia hiyo.

Ijumaa, 30 Januari

Tumepakia. Kuku, vitanda, gunia la vifaa. Baba alikuwa wa kwanza kupanda lori, akiimba wimbo wa Kiganda. Mkungu sasa unabebwa na watu watatu.

Tulipita mbele ya shule. Wanafunzi walikuwa kwenye gwaride la asubuhi, wamesimama kwa mistari, na kuna mtoto aliyechelewa akawa anakimbia huku ameshika sketi. Nilitaka kupiga kelele nimwambie asikimbie, achelewe tu, adhabu ni kufagia na kufagia kunaisha haraka. Lori likapita kabla sauti haijatoka.

Istahil alikuwa mlangoni mwa duka. Alininunulia bikari. Nikampa protrakta. Kila mmoja alikuwa amemnunulia mwenzake kile ambacho mwenzake tayari anacho, hivyo sasa kila mtu ana bikari mbili au protrakta mbili na hakuna mwenye vyote viwili. Tulicheka. Kisha hatukucheka.

Jumapili, 8 Februari

Malili. Baba ametengeneza baiskeli sita kwa wiki moja na ananenepa. Kalunde ananitambulisha kwa watu wapya. Chumba changu kina upepo mzuri na dirisha ni zuri, sina la kusema. Nikitazama nje jioni, upande ambao Migwani inapaswa kuwa, kuna tambarare tu na ng'ombe wa mtu.

Nimewaza sana juu ya makosa yangu. Nimeyaona wazi kabisa. Kosa la kwanza, bei zilikuwa kubwa mno. Ishirini na nne! Nani angeamini? Kosa la pili, nilichora mistari mwenyewe. Kosa la tatu, tumbaku.

Nimemwandikia Istahil leo. Salamu kwa wote, sisi wazima, mvua bado. Mwishoni nimetaja kwa kupita tu, kama mtu asiyejali, kwamba maharagwe hapa Malili yamefika shilingi kumi na nne na nusu na watu wanagombania, wala hakuna duka hata moja la vitambaa upande huu wa barabara, na chumba cha tatu cha Baba Mdogo kiko wazi.

Kumi na nne na nusu. Nani atashuku nusu shilingi?

Nimemwomba Istahil aiache barua juu ya kaunta ya duka.